Mti Katika Maji Machungu

Mazungumzo ya ibada ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni
Masomo: Kutoka 15:22-27 na Ruthu 1:19-22

  Nawasalimu ninyi mlio nyumbani mkinywa chai kabla ya kwenda shambani, ninyi mlio vitandani hospitalini, nanyi walinzi mliokesha usiku kucha na sasa mnangoja wenzenu waje kuwapokea. Amani ya Mungu iwe pamoja nanyi.

Asubuhi hii nataka tuseme juu ya jambo ambalo hatupendi kulisema, hata kanisani. Kanisani tuna desturi ya kutaja dhambi zinazoonekana kwa macho. Twataja ulevi, twataja wizi, twataja uzinzi. Lakini kuna mambo mengine ambayo hayanuki kama pombe, wala hayapelekwi mbele ya wazee wa kanisa, kwa kuwa yanakaa ndani. Nayo ni hasira iliyolala, wivu, chuki, kinyongo, na ile furaha mbaya inayomjia mtu anaposikia kwamba mwenzake ameanguka. Mtu aweza kuwa nayo hayo yote na bado akaimba vizuri katika kwaya. Aweza kuwa nayo na bado akashika Meza ya Bwana.

Najua hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nayo. Nitawaeleza baadaye kidogo. Kwanza natufungue Biblia.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 15, tunawaona Waisraeli wakiwa ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Mungu amewaokoa. Farao na magari yake wamezama. Musa ameimba, na Miriamu dada yake amechukua tari, na wanawake wote wamemfuata kwa kucheza. Ilikuwa siku kuu kweli kweli. Kisha wakasafiri katika jangwa la Shuri siku tatu bila kupata maji. Wakafika mahali paitwapo Mara. Huo si mto wetu wa Mara, upitao katika nchi ya Wamaasai. Mara hii ni neno la Kiebrania, na maana yake ni uchungu. Maji yalikuwapo, lakini yalikuwa machungu, hayanyweki.

Mpenzi msikilizaji, hesabu siku hizo. Ni siku tatu tu tangu zile nyimbo! Watu walewale waliookolewa, kwa vinywa vilevile vilivyoimba, sasa wananung'unika. Ninawaambia haya kwa sababu wako wengi wanaodhani kwamba mtu akiisha kuokoka, moyo wake hauwezi tena kutoa maji machungu. Basi akiyaona, anaogopa. Ama anasema, "Kumbe sikuokoka," ama anayafunika upesi kwa blanketi ya maneno mazuri ili wapendwa wasiyaone. Lakini Mara haikuwa Misri. Mara ilikuwa njiani, katika safari ambayo Mungu mwenyewe alikuwa akiwaongoza.

Sasa nitawaeleza habari yangu.

Kabla ya kuitwa katika kazi ya uchungaji, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba yetu alikufa nikiwa kijana, nami ndimi niliyekuwa kifungua mimba. Nina ndugu mdogo, tumbo moja. Nilimlipia karo kwa mshahara wangu mdogo, mwaka hata mwaka, mpaka akamaliza shule ya sekondari. Nilitamani sana kwenda kusoma zaidi, lakini fedha hazingeweza kutusomesha sisi sote wawili. Basi nikakaa.

Ndugu yangu akapata kazi nzuri mjini. Akaoa. Akajenga nyumba ya mawe katika shamba la baba yetu, upande wa pili wa bonde, mkabala na nyumba yangu ya udongo. Kila asubuhi nilipofungua mlango, jambo la kwanza kuona lilikuwa mabati yake yakimetameta kwa jua. Akanunua gari. Watu wakaanza kumwita awe mgeni wa heshima katika harambee zao, nami nikaitwa nisome sala ya kufungua.

Nataka mjue kwamba ndugu yangu hakuwa na kiburi. Alipokuja nyumbani mwisho wa mwezi alimletea mama blanketi, na kwangu alileta sukari na majani ya chai. Lakini mimi nilipoipokea ile sukari nilimwambia mke wangu, "Unaona? Anatuonyesha." Na Jumapili moja, nikiongoza maombi kanisani, niliomba kwa sauti kubwa kwamba Mungu awape unyenyekevu wale aliowabariki kwa mali. Watu wakaitikia, "Amina." Mke wangu peke yake ndiye aliyejua kwamba sikuwa nikisema na Mungu.

Basi Ijumaa moja jioni ndugu yangu akaja kwangu kwa miguu. Akaketi. Mke wangu akamletea chai, hakuinywa. Akasema, "Kaka, wameniachisha kazi."

Nikasema, "Pole sana, ndugu yangu." Na ulimi wangu ulilisema neno hilo vizuri. Lakini lazima niseme kweli mbele yenu asubuhi hii. Ndani yangu kuna kitu kilicheka. Kilikaa muda mfupi tu, kama mtu anavyovuta pumzi mara moja. Lakini nilikisikia, nami nikakijua.

Nikamwombea ndugu yangu sala ndefu. Akanishukuru, akaenda zake gizani. Nami nilikuwa nimeokoka miaka kumi na mmoja.

Usiku ule sikulala. Nikatoka nje, nikaketi juu ya gogo karibu na zizi. Nilianza kumwombea ndugu yangu apate kazi nyingine, nikashindwa. Maneno hayakutoka. Mwishowe nikasema neno moja ambalo sikuwa nimepata kulisema maishani mwangu. Nikasema, "Bwana, nimefurahi kwa sababu ndugu yangu ameanguka."

Sikuona nuru. Sikusikia sauti. Ng'ombe walikuwa wakicheua tu. Lakini baada ya kusema hivyo nikafahamu jambo ambalo nilikuwa nimewafundisha wengine miaka mingi bila kulifahamu mwenyewe, yaani kwamba Mungu hakushtuka. Alikuwa akijua tangu siku ya sukari, na hata kabla ya siku ya sukari. Alikuwa akijua, na alikuwa hajaniacha. Nikakumbuka mfano wa Bwana wetu katika Luka 15, habari ya yule mwana mkubwa aliyekataa kuingia nyumbani siku ya karamu ya ndugu yake. Sisi hupenda kuhubiri juu ya yule mdogo aliyepotea. Lakini someni tena mwisho wa sura ile. Baba yule alimkimbilia mwana mdogo njiani, kisha alitoka nje tena kumsihi yule mkubwa mwenye wivu. Basi nami nilikuwa nimeketi nje gizani, na Baba alikuwa ametoka kunitafuta.

Hapo ndipo nilipoanza kulia. Nilifahamu kwamba chini ya wivu wangu kulikuwa na kidonda cha zamani. Tangu baba alipokufa, nilikuwa nimeamini moyoni kwamba hakuna aliyeona kile nilichokiacha. Niliamini kwamba Mungu alikuwa amechukua elimu yangu, akampa ndugu yangu. Miaka yote nilikuwa nikimdai ndugu yangu deni ambalo yeye hakujua kwamba lipo. Na kumbe Mungu alikuwa ameona kila shilingi.

Mpenzi msikilizaji, wahenga wetu walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Ni neno la kweli kwa mwili, na ni neno la kweli kwa roho. Natutazame basi jinsi tunavyoficha maradhi haya ya moyo. Mimi naona njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuyabadilisha jina. Wivu nauita "kupenda haki." Hasira naiita "kusema ukweli." Chuki naiita "tahadhari," na umbeya nauita "jambo la kuombea." Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yangu. Lakini Waisraeli hawakuyaita maji yale matamu. Waliyaonja, wakayaita Mara. Mungu aliyaponya maji yaliyoitwa kwa jina lake halisi.

Njia ya pili ni kuyamwagia wengine. Mtu amekaripiwa kazini na mkubwa wake. Hakuthubutu kujibu. Anafika nyumbani, chakula kimechelewa kidogo, na mke na watoto wanaipokea hasira isiyo yao. Ndugu zangu akina baba, nisikilizeni. Watoto wako wanapoacha kucheka mara wasikiapo mlango ukifunguliwa, hiyo si heshima. Wamejifunza tu kwamba kisima cha nyumba hii ni kichungu.

Njia ya tatu ni kuyafunika na kunyamaza. Hii ndiyo njia ya wengi wetu tuliolelewa katika adabu. Tunasema, "Yamekwisha," nayo hayajakwisha. Kila mama anayejua kutunza mtoto ajua kwamba jipu lenye usaha haliponi kwa kufungwa kitambaa safi. Litavimba chini ya kitambaa kile, na siku moja mtoto ataamka ana homa. Ndiyo maana mwandishi wa Waebrania, katika sura ya 12, aliuita uchungu shina. Shina huchipuka hata likiwa limefunikwa na udongo, nalo huwatia unajisi watu wengi.

Sasa, Mungu alifanya nini pale Mara? Musa alimlilia Bwana, na Bwana akamwonyesha mti. Musa akautupa mti ule ndani ya maji, na maji yakawa matamu. Angalieni kwamba Mungu hakuwaongoza watu wazunguke Mara. Hakuwaambia wajikaze, wayanywe hivyo hivyo na kusema ni mazuri. Wala hakuyakausha. Aliyaponya maji yaleyale, mahali palepale. Na ni hapo, kando ya maji hayo, Mungu alipojitambulisha kwa watu wake kuwa ndiye Bwana awaponyaye.

Tangu zamani Wakristo waliousoma mlango huu wameukumbuka mti mwingine, ule uliosimamishwa Golgotha. Nao ulitupwa katika maji machungu. Siku ile watu walimletea Yesu kila ubaya wa moyo wa mwanadamu. Palikuwapo wivu wa wakuu wa makuhani, ambao hata Pilato aliutambua. Palikuwapo woga wa Pilato, na dhihaka za askari. Yesu aliyapokea yote, wala hakuyarudisha kama yalivyokuja. Aliyarudisha yakiwa yamekuwa maombi, akiwaombea msamaha waliomtundika. Upendo huo ndio unaoponya. Haukuanza baada ya sisi kutakasika. Ulikuja ndani ya maji tukiwa bado wachungu.

Lakini labda yuko mtu anayesema, "Mchungaji, wewe ulimwonea wivu ndugu asiye na kosa, basi ilikupasa kutubu. Mimi sivyo. Mimi nimetendewa ubaya kweli. Mimi nina haki ya kuchukia." Ndugu yangu, dada yangu, sitakukaripia. Nitakusimulia habari ya mtu aliyekuwa na haki ya kuchukia kuliko wengi wetu, tena si mtu wa mbali, ni jirani yetu wa Uganda.

Mwezi wa Februari mwaka 1977, wakati wa utawala wa Idi Amin, maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Amin barua, wakilalamika juu ya watu waliokuwa wakiuawa na kunyanyaswa. Siku chache baadaye, tarehe 16 Februari, Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa akauawa. Serikali ikatangaza kwamba alikufa katika ajali ya gari. Watu walijua si kweli. Hata leo tarehe hiyo ni siku ya kumkumbuka katika nchi ya Uganda.

Rafiki yake, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, alipata habari kwamba yeye naye anatafutwa. Akakimbia usiku pamoja na mkewe Mera, wakapanda milima kwa miguu mpaka wakavuka mpaka na kuingia Rwanda. Wazee wengi wa makanisa yetu hapa Kenya walimsikia kwa masikio yao akihubiri, maana alikuwa mmoja wa ndugu wa uamsho ule ulioenea kutoka Rwanda na Uganda ukafika kwetu. Kwa miaka mingi alikuwa amehubiri upendo wa Mungu. Lakini yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba, akiwa uhamishoni, aliona moyo wake unakuwa mgumu. Uchungu juu ya Amin ulikuwa ukimwingia, na nguvu zake za rohoni zilikuwa zikimwisha.

Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa London, akaingia kuabudu katika kanisa la All Souls. Aliposikia habari ya Yesu akiwaombea msamaha waliompigilia misumari, neno hilo likamshika. Alijiona kama mtu anayeulizwa na Bwana wake: kama Amin angalikuwa mmoja wa askari wale, je, Yesu angaliwaombea wote na kumwacha yeye? Askofu Kivengere hakuwa na jibu ila moja. Akainamisha kichwa, akaomba neema ya kusamehe. Mwaka uleule akatoa kitabu kilichosema katika jina lake kwamba anampenda Idi Amin. Wengi walishangaa, na wengine walikasirika.

Lakini fahamuni vizuri. Hakusema kwamba Amin hakutenda ubaya. Hakuacha kusema wazi wazi juu ya mauaji yale, wala hakuacha kuwahudumia wakimbizi. Hakurudi Uganda mpaka Amin alipopinduliwa mwaka 1979. Kusamehe si kuita uovu wema. Kusamehe ni kukataa uovu wa mtu mwingine uje ukae ndani yako na kukufanya ufanane naye. Kwa hiyo simwambii mama anayepigwa nyumbani anyamaze akaendelee kupigwa kwa jina la msamaha. Mama, nenda ukatafute msaada, uwaambie watu watakaokulinda. Mungu hakupendi kidogo kuliko ampendavyo mumeo. Uponyaji wa moyo wako waweza kuanza ukiwa mahali pa salama.

Tena, si kila uchungu ni dhambi. Lazima niseme hivyo, maana najua wako wafiwa wanaonisikiliza. Katika somo letu la pili tunamwona Naomi akirudi Bethlehemu. Amemzika mumewe na wana wake wawili katika nchi ya Moabu. Wanawake wa mji wanamwita kwa jina lake, naye anakataa. Anawaambia wasimwite tena Naomi, bali wamwite Mara, kwa kuwa Mungu amemtenda mambo machungu sana. Ni jina lilelile la yale maji! Je, Mungu alimkemea? Someni kitabu chote cha Ruthu, sura zake nne, hamtaona mahali Mungu alipomkemea Naomi. Alimponya polepole, kwa mikono ya watu. Ruthu alikwenda kuokota masazo, akarudi jioni na efa moja ya shayiri. Boazi alionyesha fadhili. Majirani walikuja kumtembelea. Na mwishowe mtoto akawekwa kifuani pa mama yule aliyesema amerudi mikono mitupu. Basi wewe uliye na huzuni, usijihukumu kwa sababu machozi hayajakauka. Nawe jirani wa mfiwa, usimkimbize kwa mistari ya Biblia. Mpelekee unga. Huenda Mungu ameamua kumponya kwa mkono wako.

Kabla sijamaliza, nataka nikuachie mambo machache ya kufanya, maana mazungumzo yasiyo na kazi hukauka kama umande.

Kwanza, tafuta mahali pa faragha leo, umwambie Mungu jina halisi la kitu kilicho moyoni mwako. Usitumie Kiswahili cha kanisani. Sema, "Bwana, namwonea wivu fulani." Sema, "Bwana, namchukia." Hana mke wa Elkana aliimimina nafsi yake mbele za Bwana mpaka kuhani akadhani amelewa, na Bwana akamsikia.

Pili, uliza kidonda kiko wapi. Hasira nyingi ni hofu iliyovaa nguo nyingine. Wivu mwingi ni kilio cha mtu anayedhani amesahauliwa. Mwambie Mungu akuonyeshe, naye akikuonyesha, usikimbie.

Tatu, mtaje mtu huyo kwa jina katika maombi yako kila siku, ukimwombea mema. Siku za kwanza maneno yatakuwa kama mawe kinywani. Omba hivyo hivyo.

Nne, ikiwa umemuumiza kwa maneno au matendo, mwendee. Lakini uwe na hekima. Si kila wazo baya la moyoni lapasa kupelekwa kwa mwenzako, maana mara nyingine ni kumtwika mzigo ulio wako. Mengine yatoshe kwa Mungu, au kwa mkubwa mmoja katika imani anayejua kutunza siri.

Mimi ilinibidi niende, kwa kuwa nilikuwa nimemuumiza. Nilikwenda kwa ndugu yangu Jumatatu ile jioni. Nilivuka bonde kwa miguu, na njia ile fupi ilikuwa ndefu sana siku hiyo. Nikamweleza yote, habari ya sukari, habari ya ile sala kanisani, na habari ya Ijumaa. Hakunijibu kwa muda mrefu. Alikuwa akitazama mikono yake. Kisha akasema, "Nilijua, kaka. Watoto wangu huniuliza kwa nini baba mkubwa haketi anapokuja kwetu."

Neno hilo lilinichoma kuliko kama angalinitukana. Tuliomba pamoja, sala fupi. Sitawadanganya kwamba mambo yote yalinyoka usiku ule. Ilichukua muda mpaka ndugu yangu alipoweza kunieleza shida zake bila kunitazama usoni kwanza. Lakini Jumapili iliyofuata nilikwenda kwake nikaketi, na mtoto wake mdogo akaja akasimama karibu na goti langu.

Baada ya miaka miwili akapata kazi nyingine, na baadaye akanunua tena gari. Siku alipolileta nyumbani, nilisikia kitu kikibisha mlangoni pa moyo wangu. Nikaijua sauti yake. Mungu alimwambia Kaini kwamba dhambi inaotea mlangoni, nayo humtamani mtu, lakini mtu yampasa aishinde. Nikasema pale pale, "Bwana, amekuja tena." Kisha nikatoka nje, nikalizunguka gari lile pamoja na ndugu yangu, nikamwomba anichukue mpaka sokoni na kurudi. Tulicheka njia nzima. Siku hiyo kilichocheka ndani yangu kilikuwa kitu kingine.

Mpenzi msikilizaji, baada ya Mara, Biblia yasema Waisraeli walifika Elimu, palipokuwa na chemchemi 12 na mitende 70. Walipiga kambi hapo, karibu na maji. Elimu ilikuwa mbele tu. Lakini hawakufika Elimu kwa kukana kwamba wapo Mara. Basi nawe, mahali ulipo sasa, mlilie Bwana. Ule mti upo.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe wayajua maji yaliyo ndani ya kila kisima. Twakuletea hasira zetu, wivu wetu, chuki zetu, na huzuni zetu, bila kuzibadilisha majina. Utie upendo wa Mwanao ndani yake, uyaponye. Wakumbuke waliotendewa mabaya, uwape haki na mahali pa salama. Wakumbuke wafiwa, uwapelekee majirani wenye mikono ya huruma. Na ndugu wasiosalimiana, uwavushe bonde lililo kati yao, leo, kabla jua halijatua. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wapenzi wasikilizaji, mchana mwema. Mungu awabariki na kuwalinda mpaka tutakapokutana tena.